Mama Lehemu na Wifi Yake wa Magurudumu Mawili

Huyu ndiye Mama Lehemu, binti wa Fundi Debe, mjukuu wa Babu Koleo. Babu Koleo ndiye aliyelitia viraka tangi la maji la stesheni kwa siku tatu, akala humohumo ndani na kusali humohumo, akatoka na masikio yanayolia mpaka alipozikwa. Fundi Debe ndiye aliyetengeneza ndoo mia nne za shule katika likizo moja. Mwalimu mkuu hakuamini, akazijaza zote maji na kuzipanga uwanjani tangu asubuhi hadi jioni ili amuumbue, lakini alipoziinua akakuta vumbi kavu chini, akamwomba radhi mbele ya walimu wenzake. Na Mama Lehemu mwenyewe ndiye aliyeliziba bomba la zahanati kwa kipande cha kopo la maziwa, mvua ikimpiga mgongoni, naye ni mjamzito wa miezi minane. Mtoto aliyekuwa tumboni siku hiyo ni mwanamke mzima sasa, fundi bati kama mama yake, na wanafanya kazi banda moja. Katika ukoo huo watu hawasemi "nimeshindwa." Husema "niletee moto."

Banda lenyewe lilikuwa kwenye mtaa wa mafundi, kati ya kinyozi na mshona viatu. Ndani kulikuwa na jiko la mkaa lisilozimwa, mikasi ya bati ya ukubwa wa mkono wa mtu, chupa ya tindikali iliyofungwa kitambaa chekundu ili mgeni asije akaidhania maji, na ukutani maneno yaliyoandikwa kwa rangi na Fundi Debe kabla hajafa: USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA. Mama Lehemu hakuyasoma tena maneno hayo. Yalikuwa yameshaingia damuni. Akialikwa kwa mtu, kabla hajaketi macho yamekwisha kupanda darini kutafuta mahali mwanga unapopenya. Sufuria ya jirani ikivuja, huichukua bila kuomba na kuirudisha nzima bila kusema. Kuziba tundu kwake hakukuwa kazi. Kulikuwa kama kupiga chafya.

Basi mtaa mzima uliduwaa siku alipoingia amelala tumbo juu ya pikipiki.

Tena si pikipiki ya watu wazima, ile ya kiti kirefu na chuma cha kubebea mzigo nyuma. La. Ilikuwa pikipiki ya mbio, nyekundu, usukani umeinamia chini kama pembe za beberu anayetaka ugomvi, na kiti kimebinuka juu, hata mwendeshaji sharti ainame mpaka kidevu kiguse tangi. Ilikuwa imetumika, na imetumika hasa. Ubavuni ilikuwa na mkwaruzo mrefu kama jeraha la kisu, taa ya nyuma ilishikwa kwa waya, na mshale wa kuonyesha mwendo ulikuwa umelala usingizi wa milele. Juu yake yupo Mama Lehemu, miaka hamsini na mitatu, mjane, kavaa suruali ya marehemu mumewe na kofia ngumu juu ya kilemba.

Kinyozi alitoka nje na wembe mkononi, mteja wake nyuma yake ana povu nusu uso.

"Mama Lehemu! Hiyo unaiendesha au inakubeba kama mgonjwa?"

"Nyoa watu, baba. Sikio la mteja wako liko hatarini."

Kilichompata ni hiki. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, ambaye wazazi walipofariki alimlea yeye, akimbeba mgongoni huku akigonga mabati. Mtoto huyo alikua akawa fundi pikipiki, akafungua gereji yake mwenyewe, na watu wakamwita Daktari. Sababu ya kumwita hivyo ni kwamba hakuifungua injini kwanza. Aliweka bisibisi juu yake, akaegemeza sikio kwenye mpini, akafumba macho na kusikiliza, kisha akasema: "Mgonjwa anaumwa hapa." Na kweli, ukifungua, ni pale pale.

Siku moja Mama Lehemu alipeleka faneli za kumiminia mafuta gerejini kwa mdogo wake, akaikuta ile nyekundu imesimama kwenye kona. Mwenye pikipiki alikuwa amehamia mbali na kuiacha iuzwe. Mwingine angetazama magurudumu. Mama Lehemu alitazama tangi. Alilipapasa. Akazunguka upande wa pili akapapasa tena. Bati lilikuwa limekunjwa mara mbili, likapinda kama shavu la mtoto, na hakuna mahali palipoonyesha maungio.

"Nani alikunja bati hili?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye mahali pa ibada.

"Mashine, dada. Kiwandani."

"Mashine haina vidole vya hivi. Nitainunua."

Daktari akacheka, kisha akaona kuwa dada yake hacheki. "Dada, hii si ya watu wa rika lako. Hii ni ya kulalia tumbo."

"Tumbo ninalo."

"Ina hasira."

"Na mimi sina?"

"Haya. Ila nisije nikalaumiwa."

"Nani wa kukulaumu wewe?" alisema Mama Lehemu. "Mtu niliyemfuta kamasi!"

Mdogo wake hakuwa ameoa, wala hakuonyesha dalili. Basi mtaa ukasema kwa kuwa pikipiki imeletwa na kaka, na imeletwa kwa dada, na ni nzuri ila ina maringo, hiyo ni wifi. Jina likashika. Asubuhi watu waliuliza, "Wifi kaamkaje?" naye akajibu, "Kaamka salama, anawasalimu."

Wiki tatu za mwanzo Wifi alikuwa malaika. Alinguruma kwa adabu, akapanda kilima bila kukohoa. Mama Lehemu alipeleka vibatari na faneli mpaka vijiji vya ng'ambo ya mto, mgongoni kajifunga kapu, upepo ukimtoa machozi chini ya kofia, na moyoni akahisi kitu ambacho hakukihisi tangu alipokuwa msichana wa kuruka kamba.

Jumapili ya nne akamwogesha. Alifungua kifuniko cha tangi kwa ufunguo, ufunguo ambao aliuvaa shingoni na hakumpa mtu, maana hakuruhusu mkono mwingine umtilie Wifi petroli. Akakigeuza kifuniko ili afute vumbi kwa ndani. Moyo ukamruka. Kwenye kisahani cha shaba kilicho chini ya kifuniko palikuwa na tundu. Dogo, la kuingia ncha ya sindano, lakini tundu. Katika bati zuri namna ile! Alidhani ni mkono wa mhuni, au kutu, au uzembe wa yule mwenye mali wa kwanza. Maji ya mvua yangeingia. Vumbi lingeingia. Akapuliza mkaa, akachovya chuma cha moto kwenye lehemu, akadondosha tone moja. Kisha akapiga msasa, akasugua kwa jivu, akapitisha ukucha juu yake asisikie kitu. Hata kiwanda kisingejua. Halafu akakirudisha kifuniko mahali pake, akaendelea kufua nguo, wala hakumwambia mtu, kwa sababu mtu hatangazi kwamba amepiga chafya.

Jumatatu Wifi alizima mbele ya mahakama.

Hakukohoa, hakutoa moshi. Alipunguza sauti kama mtu anayekata tamaa, akanyamaza. Mama Lehemu akabonyeza stata mara kumi. Hakuna. Mawakili waliokuwa ngazini walianza kushauriana kana kwamba ni kesi. Akashuka, akafungua tangi aone kama petroli imekwisha. Tangi likafanya *fyuuu*, na petroli ipo tele. Akafunga. Akasema kwa aibu, "Wifi, tafadhali, usiniaibishe mbele ya watu hawa." Akabonyeza. Wifi akawaka mara moja, akanguruma kama si yeye.

Basi hayo ndiyo yakawa maisha. Ukitoka bandani, Wifi anakwenda vizuri mpaka kiasi cha nyimbo nne au tano za redio, kisha anakufa. Mahakamani, kwenye mzunguko wa barabara, mbele ya shule ya wasichana wakati wa mapumziko, ambapo wasichana mia mbili walipiga makofi. Na kila alipokufa, Mama Lehemu alishuka, akafungua tangi kutazama petroli, akafunga, akambembeleza, naye akawaka. Kwa hiyo akaamini ni maneno. Nyumbani kulikuwa na mabishano makubwa juu ya maneno gani. Binti yake alisema Wifi anataka kusifiwa. Mshona viatu alisema matusi ndiyo dawa, maana siku moja alimwona Mama Lehemu akimtukana na akawaka vilevile. Mama Lehemu mwenyewe alishikilia kwamba Wifi anataka kuombwa, tena kwa sauti ya chini, tena kwa jina la kaka yake aliyemleta. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kile kifuniko.

Kinyozi alisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu wako, Mama Lehemu, hata kujitembeza hawezi!"

Mara mbili alimpeleka Wifi kwa Daktari. Mara zote mbili Daktari alisikiliza kwa bisibisi, akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akampanda akazunguka mtaa mara moja na kurudi. Mwendo huo mfupi haukumtosha Wifi kufa. "Mzima, dada," alisema. Na kesho yake dada akazimikiwa mbele ya mahakama.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Wifi alizima katikati ya njia panda, na nyuma yao lilikuwapo lori la mchanga. Mama Lehemu alisikia breki zikilia kama nguruwe wanaochinjwa, akahisi joto la injini kubwa shingoni, na alipogeuka akaona bampa limesimama mbali naye kiasi cha shibiri moja. Dereva wa lori alikuwa ametoa macho, midomo inacheza bila sauti. Mama Lehemu hakufungua tangi siku hiyo, wala hakubembeleza. Alimsukuma Wifi kwa mikono hadi gerejini, na ndani ya kichwa chake hakukuwa na neno ila moja: ningekufa.

Gereji ilikuwa imejaa. Watu tisa walikuwa wakisubiri pikipiki zao, wamekaa juu ya matairi. Daktari alipoona uso wa dada yake aliacha yote. Akachukua chupa ya plastiki, akaitia petroli, akaining'iniza kwa kamba juu ya usukani, mdomo wazi, akaunga mpira kitakoni mwake mpaka kwenye kabureta bila kupitia tangi. Akawasha. Wifi akanguruma. Wakakaa wote wakimtazama, nyimbo tano zikapita, kumi zikapita, saa nzima ikapita. Hakuzima.

"Injini ni nzima, dada," Daktari akasema. "Ugonjwa uko juu. Uko kwenye tangi. Umeligusa?"

"Sijagusa."

"Hata kidogo?"

"Nimesema sijagusa!" Na alisema kweli yake, maana hakukumbuka. Nani hukumbuka chafya?

"Basi nipe huo ufunguo, nitazame kifuniko."

Hapo ndipo hofu ya njia panda ilipogeuka ikawa kitu kingine. Tangi! Binti wa Fundi Debe aambiwe ugonjwa uko kwenye tangi!

"Tangi ni bati," alisema, na sauti ikapanda. "Bati unanifundisha wewe? Wewe niliyekufundisha kushika koleo? Useme tu umeniuzia maiti! Ulijua ni maiti, ukaipaka rangi ukampa dada yako, afie barabarani! Sikilizeni nyote! Daktari gani huyu? Huyu ni daktari wa maiti!"

Injini bado ilikuwa ikinguruma. Daktari aliizima. Alifungua ile chupa, akairudisha petroli kwenye dumu bila kumwaga tone, akapangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Sawa, dada," alisema.

Ulimi hauna mfupa, lakini wa Mama Lehemu siku hiyo ulivunja mifupa. Kufikia Jumatatu wale watu tisa walikuwa wamelieneza neno hilo mji mzima, maana kama dada mtu mwenyewe amesema, nani abishe? Vijana wa stendi wakawa wakipita mlangoni wanaita, "Daktari wa Maiti, leo umezika wangapi?" Mmoja akaja kuchukua pikipiki yake kabla haijatengenezwa. Akafuata wa pili. Mwezi wa tatu lango la gereji likafungwa kwa mnyororo, na Daktari akaonekana kwenye kituo cha mafuta kilichoko mwisho wa mji, kavaa ovaroli la watu, anajaza upepo kwenye matairi.

Dada na kaka hawakusemezana miezi saba. Mama Lehemu alisikia habari hizo zote na kusema, "Ajira ni ajira." Lakini petroli alinunua kwenye kituo kingine, na Wifi hakumuuza. Aliendelea kumpanda, kuzimikiwa, kufungua, kubembeleza. Jina la kaka katika maombi yale aliliruka.

Mwezi wa nane wa ugomvi ulipoingia, asubuhi moja, muuza mafuta ya taa aliingia bandani amekumbatia pipa dogo la bati lenye koki chini. Binti yake Mama Lehemu alikuwa amemtengenezea wiki ile ile. Muuza mafuta alikuwa mzee mpole, asiyejua kufoka, na siku hiyo alijaribu.

"Jamani, nimekuja kwa heshima, lakini nimekasirika. Pipa lenu halimimini! Nikifungua koki yanatoka vizuri, mteja ananisifu, mara yanapungua, mara ni matone, mara basi. Pipa limejaa! Nalitikisa, nalipiga, nalisemesha. Nikifungua mfuniko kuchungulia, *fyuuu*, yanatoka tena! Wateja wanadhani nawabania."

Mama Lehemu hata hakusimama. Alipitisha kidole juu ya mfuniko, akakuta laini tupu, akamgeukia binti yake.

"Tundu la pumzi liko wapi?"

"Nilisahau, mama."

"Ulisahau! Tumekula chakula kwa kazi hii vizazi vinne, na wewe unasahau tundu la pumzi! Nilikufundisha nini? Kitu kinachomimina chini lazima kivute hewa juu. Ukikiziba kote, kinajinyonga. Kinatoa kidogo, kisha kinakaba, mpaka mtu akifungue kipate kuvuta pum…"

Akaacha hapo hapo, kidole bado juu ya mfuniko.

Binti alidhani mama yake amepaliwa. Muuza mafuta aliweka pipa chini akamshika mkono. Mama Lehemu alikuwa ametoa macho, anatazama nje, mahali Wifi aliposimama juani akimeremeta. Jasho jembamba lilimtoka juu ya mdomo. Aliisikia *fyuuu* ya mahakamani. Aliisikia *fyuuu* ya shule ya wasichana. Aliziona siku zote mia mbili na kitu, kila alipofungua kile kifuniko na kile kifuniko kikamwambia, kwa sauti ile ile, kitu anachokijua tangu ana miaka saba.

"Mama? Mama, kuna nini?"

"Mimi," alisema Mama Lehemu.

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyemkaba."

Alitoka nje akitembea kama mtu aliyeamshwa ghafla. Ufunguo ulimsumbua kuingia. Alikigeuza kifuniko, akasugua shaba kwa ukucha, na ilibidi atafute mara tatu ndipo aone mahali alipoziba, jinsi kazi ilivyokuwa nzuri. Alichukua msumari mwembamba akautia moto, akasukuma. Tone la lehemu likatoka, likaanguka kwenye kiganja chake, dogo kama punje ya mtama. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wakubwa. Yeye ufunguo wa chake alikuwa ameuvaa shingoni.

Akawasha. Akaenda.

Alipita mahakama, Wifi akanguruma. Alipita mzunguko, Wifi akanguruma. Mbele ya shule ya wasichana alipunguza mwendo makusudi, akamwomba kimoyomoyo azime, azime tu mara moja, ili isiwe kweli. Hakuzima. Kila mahali palipokuwa pa aibu zamani palimpiga kofi jipya kwa kutotokea chochote. Alizunguka mji mara mbili. Machozi yaliyomtoka chini ya kofia hayakuwa ya upepo. Maneno ya baba yake ukutani yalisema kuhusu ufa na ukuta, naye alikuwa ameziba, na ukuta akaujenga vilevile, ndugu yake upande ule na yeye upande huu.

Kwenye kituo cha mafuta, Daktari alikuwa amepiga goti kando ya gari la mtu, ameshika mpira wa upepo. Alisikia injini kabla hajainua kichwa. Aliitambua.

"Imezima tena?" aliuliza, bila kumtazama.

"Haijazima."

Ndipo akainua macho. Mama Lehemu alishuka, akafungua kiganja. Punje ya lehemu ilikuwa imebaki hapo, imegandamana na jasho. Mkono wa pili ulishika kifuniko. Daktari akakichukua, akakielekeza juani, akaona jua likipenya kwenye tundu. Alikitazama mpaka tairi alilokuwa akilijaza likawa gumu kama jiwe na mwenye gari akapiga kelele ndani.

"Uliliziba," alisema.

"Niliziba."

"Nilikuuliza, dada. Nilikuuliza mara mbili. Umegusa?"

"Mdogo wangu, mimi kuziba tundu si kugusa. Sikujua kama nimefanya kitu. Naapa kwa kaburi la baba."

"Miezi saba." Alisema kama mtu anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. "Nimeacha kulala nikiitengeneza ile injini kichwani. Nikaanza kuamini kweli mimi ni daktari wa maiti. Nikajiambia, labda masikio yangu yamekufa."

"Nisamehe."

Daktari akamrudishia kifuniko. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Nimekusamehe, dada. Wewe ni mama yangu, nifanyeje? Lakini yale uliyasema mbele ya watu. Hapa tuko wawili na mpira wa upepo."

Mama Lehemu hakuwahi katika maisha yake kusema amekosea mbele ya zaidi ya mtu mmoja. Alimpanda Wifi akarudi bandani. Muuza mafuta alikuwa bado yupo, anasubiri pipa lake litobolewe, na kinyozi amekuja kuuliza kuna msiba gani. Mama Lehemu aliwapita. Alichukua debe tupu na nyundo kubwa ya baba yake, akashuka hadi mbele ya gereji iliyofungwa mnyororo, katikati ya barabara, saa sita mchana, akaanza kupiga debe.

Sauti ya debe tupu haina siri. Madirisha yalifunguka. Mshona viatu alikuja na kiatu kimoja mkononi. Vijana wa stendi wakaja mbio wakidhani ni mnada.

"Mimi ni Mama Lehemu, binti wa Fundi Debe, mjukuu wa Babu Koleo!" alisema. "Mnanijua. Mlinisikia hapa nikisema ndugu yangu ameniuzia maiti. Nilisema uongo. Sikujua kama ni uongo, lakini ni uongo. Ile pikipiki ilikuwa nzima. Mimi niliiziba tundu la pumzi kwa mkono wangu huu. Aliniambia ugonjwa uko kwenye tangi, na ulikuwa kwenye tangi. Aliuona bila hata kulifungua! Sasa ni nani hapa ambaye hajui kazi yake?"

Hata kinyozi alikosa neno, na hilo mtaa ulilikumbuka kwa muda mrefu. Kisha kijana mmoja wa stendi akacheka: "Kumbe fundi wa matundu kauawa na tundu!" Kicheko kikapasuka kila upande. Mama Lehemu alisimama katikati yake kama mtu anayesimama kwenye mvua ya mawe, hakuinamisha kichwa. Aliwaacha wacheke mpaka wachoke.

Lakini alikuwa na macho makali na kumbukumbu ndefu. Katika ule umati alihesabu watu wawili tu kati ya wale tisa. Saba hawakuwapo. Na kila mmoja wa hao saba alikuwa amemwambia mwingine, na huyo mwingine mwingine. Debe halifiki huko.

Binti yake alikuwa amemfuata, aproni bado kiunoni. Mama Lehemu akamvuta kando, akamkabidhi nyundo.

"Sikiliza. Gata za maji ya mvua za shule ya wasichana ni zako."

Binti akashtuka kuliko alivyoshtuka siku nzima. "Zangu? Mama, ile ni kazi kubwa kuliko zote tulizonazo! Futi tisini! Hujawahi kuniachia hata futi kumi."

"Sasa nakuachia. Banda pia. Mimi sitakuwapo mpaka niwamalize hawa. Yupo dereva wa ng'ambo ya mto, wapo wale ndugu wawili wa kiwanda cha matofali, yupo mwalimu wa hesabu, yupo mpiga picha, yupo mwenye kuku, na yule bwana mwenye meno ya fedha, huyo amehamia mbali, nitamfuata huko huko. Nitawaambia mmoja mmoja, mlangoni kwao, mpaka wazifikishe pikipiki zao hapa kwenye lango hili."

"Na mjomba akikataa kulifungua?"

"Hilo ni lake. Langu ni watu wawe wanasubiri." Alivaa kofia juu ya kilemba, akaukaza mkanda chini ya kidevu. "Anza na upande wa jikoni, ndiko maji yanakopiga kwa nguvu. Mteremko uwe kidole kimoja kila hatua tano, usikisie, pima kwa kamba. Kwenye maungio bati lipande begani mwa mwenzake, la juu limwagie la chini. Mwalimu mkuu akija na maneno yake, mpe kiti, usimpe jibu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Nenda, basi. Moto usije ukazima."